Kufundisha Ngoma Katika Shule za Vijijini: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia ufundishaji wa ngoma na muziki katika shule za msingi zilizo mbali na vyuo vya sanaa. Mwalimu mgeni anayepangiwa kijiji cha Nachingwea au Ruangwa aghalabu hudhani kwamba somo hili haliwezekani pasipo kinanda au fundi kutoka Bagamoyo. Sisi hatuoni hivyo.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kilitumia njia ambayo shule yoyote yaweza kuiiga: mwenye ngoma ndiye aliyeifundisha. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo, alifundisha huko muziki wa kwao. Nachingwea nako, katika kambi ya FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji (1964–1974), vijana wa majimbo mbalimbali walicheza pamoja ngoma za makwao. Darasa lenye watoto wa Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua linaweza kufanya vivyo hivyo.

Tuanze na mdundo, kwani hapo ndipo walimu wengi hukwama. Ngoma nyingi zetu huchanganya mapigo mawili na matatu kwa wakati mmoja. Darasa lote lihesabu polepole kutoka moja hadi sita, na kurudia bila kusita. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye moja na nne. Kundi la pili lipige kwenye moja, tatu na tano. Kila kundi lifanye zoezi peke yake kwanza, ndipo yaunganishwe. Mara ya kwanza watavurugana na kucheka. Waache wacheke, kisha waanze tena polepole zaidi. Wakishamudu, waache kuhesabu kwa sauti, wahamishie mapigo miguuni. Ngoma yenyewe iletwe baadaye. Darasa la watoto themanini halihitaji ngoma themanini.

Sasa aalikwe mpigaji wa kijijini, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa heshima zote apewazo mgeni. Hapa tahadhari inahitajika. Sindimba ya Wamakonde, yenye uhusiano na jando na unyago, ilipopandishwa jukwaani ilisifika nchi nzima, lakini watazamaji wengi walikumbuka kiuno tu. Mwalimu asirudie jambo hilo mbele ya wazazi. Kabla ya kipindi awaulize wazee, wanaume na wanawake mbalimbali, ni nyimbo zipi huimbwa hadharani na zipi ni za kumbini. Za kumbini zibaki kumbini, hata kama mwalimu mwenyewe anazijua. Mzazi akisikia nyimbo hizo zikiimbwa na mtoto ambaye hajaingia jandoni, atakuwa na haki ya kulalamika, na somo zima litapoteza imani ya kijiji. Nyimbo za kulima, za mavuno na za kubembeleza watoto zatosha kwa mwaka mzima.

Jambo dogo la mwisho ni ngozi. Iliyolegea haitoi sauti. Ngoma ianikwe juani au ioteshwe moto kabla ya kipindi. Moto huo uwashwe mbali na paa la nyasi, na mpigaji mwenyewe ausimamie.