Kozi za Chuo kwa Mwanafunzi wa Sekondari Marekani: Yanayompasa Mzazi Kujua Kabla ya Kutia Saini

Mzazi aliyesoma Kenya, Tanzania au Kongo anajua njia moja ya kufika chuoni: unamaliza sekondari, unafanya mtihani wa taifa, unasubiri matokeo, ndipo unaomba nafasi. Ndiyo maana wengi wetu tuliohamia Marekani tunashangaa kijana wa darasa la 10 anapoleta nyumbani fomu inayosema mwaka ujao anaweza kuanza kozi za chuo. Wapo wanaoiweka kando wakidhani ni tangazo la biashara. Wapo pia wanaotia saini papo hapo kwa kuwa wamesikia ni bure.

Mpango huu, unaojulikana hapa kwa jina la dual enrollment, ni wa kweli na umezisaidia familia nyingi kupunguza ada ya chuo. Lakini unaanza kuandika rekodi ya chuo ya mtoto akiwa na miaka 16. Mzazi anatakiwa aujue vizuri kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mpango wenyewe

Mwanafunzi anaendelea kuwa wa shule yake ya sekondari, huku akisoma kozi moja au zaidi za chuo. Kozi hiyo inahesabiwa mara mbili: inamsaidia kuhitimu sekondari, na wakati huohuo inampa krediti za chuo. Anaweza kuisoma chuoni kwenyewe, kwa mtandao, au palepale shuleni kwake kwa mwalimu aliyeidhinishwa na chuo.

Jimbo la Minnesota ndilo lililotangulia kutunga sheria ya mpango huu kwa jimbo zima, mwaka 1985. Katika mwaka wa masomo 2022–23, wanafunzi wa sekondari karibu milioni 2.5 nchini Marekani walisoma kozi za chuo kwa njia hii.

Usichanganye mpango huu na AP (Advanced Placement), yaani kozi za sekondari zenye kiwango cha chuo. Katika AP, krediti hutegemea mtihani mmoja wa mwezi Mei unaosahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Katika kozi za chuo, alama hutokana na kazi za muhula mzima: insha, majaribio, mahudhurio na mtihani wa mwisho. Kijana anayejituma kila wiki lakini anaogopa mtihani mmoja mkubwa anaweza kufaidika zaidi hapa.

Faida yake inapimika. Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120, na kozi nyingi zina krediti 3. Kijana aliyefaulu kozi nne za aina hiyo ana krediti 12, ambazo ni kiwango cha chini cha mwanafunzi wa muda wote kwa muhula mmoja. Zikipokelewa na chuo atakachojiunga nacho, huenda akaondokewa na ada ya muhula mzima.

Nani analipa?

Jibu linategemea jimbo mnaloishi. Minnesota, katika mpango uitwao PSEO, familia hailipi ada wala vitabu vinavyotakiwa darasani, na familia zenye kipato kidogo zinaweza kuomba kurudishiwa nauli ya kwenda chuoni. Ohio, katika College Credit Plus, mwanafunzi wa shule ya umma anayesoma katika chuo cha umma halipi ada wala vitabu, lakini akifeli, wilaya ya shule inaweza kudai irudishiwe gharama. Washington, katika Running Start, ada ya masomo imefutwa, ila vitabu, nauli na baadhi ya malipo ya chuo ni juu ya familia, ingawa kuna nafuu kwa wenye kipato kidogo. Texas ina mpango wa FAST ulioanza mwaka 2023: wanafunzi waliowahi kustahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu husoma bila malipo katika vyuo vinavyoshiriki.

Kwa hiyo usikubali neno "bure" peke yake. Uliza kuhusu ada, vitabu, nauli, na kitakachotokea mtoto akifeli au akiacha kozi katikati. Pia usitegemee Pell Grant: kwa kawaida msaada huo wa serikali kuu haupewi mwanafunzi ambaye bado yuko sekondari.

Alama haifutiki

Hapa ndipo familia nyingi hupata mshtuko. Alama ya kozi ya chuo huingia katika transkripti ya chuo na hubaki humo. Miaka kadhaa baadaye, kijana akiomba kusomea uuguzi au udaktari, atatakiwa kuonyesha transkripti za vyuo vyote alivyosoma, pamoja na kile alichosoma akiwa darasa la 11.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Ili mwanafunzi wa chuo aendelee kupata msaada wa serikali kuu, chuo hupima maendeleo yake, na vyuo vingi hutaka awe amefaulu angalau asilimia 67 ya krediti alizojiandikisha. Tuseme kijana alijiandikisha kozi nne, krediti 12. Mbili akafaulu, moja akafeli, moja akaiacha baada ya muda wa kubadili kozi kupita. Amefaulu krediti 6 kati ya 12, yaani asilimia 50. Akijiunga na chuo hicho baada ya sekondari, anaweza kuanza akiwa tayari chini ya kiwango, kabla hajapewa hata senti moja.

Basi aanze na kozi moja, katika somo analolimudu. Hesabu ya vyuo ni kwamba kila saa ya darasani inafuatwa na saa mbili za kujisomea. Kozi ya krediti 3 inakula takriban saa tisa kwa wiki. Kijana anayefanya kazi jioni, anayelea wadogo zake au anayecheza mpira kila siku lazima aonyeshe saa hizo tisa zitatoka wapi. Kaeni pamoja na ratiba ya wiki, mziandike. Zisipopatikana, mwache asubiri muhula mwingine.

Krediti zitapokelewa wapi?

Kupata krediti ni jambo moja, na kupokelewa kwake kwingine ni jambo la pili. Vyuo vya umma vya jimbo lilelile kwa kawaida vina makubaliano ya kupokeleana krediti, hasa za masomo ya msingi kama uandishi wa Kiingereza, hisabati, historia na sayansi. Vyuo binafsi na vya majimbo mengine hujiamulia vyenyewe. Baadhi ya vyuo vyenye ushindani mkali havitoi krediti kwa kozi iliyotumika kuhitimu sekondari.

Tena, krediti inaweza kupokelewa kama somo la hiari tu, isipunguze hata kozi moja ya lazima katika fani ya mtoto. Anayetaka uhandisi atafaidika na kalkulasi kuliko na kozi tatu zilizochaguliwa kwa kuwa ni rahisi. Andikieni barua pepe ofisi ya udahili ya vyuo viwili au vitatu anavyovitamani, mkitaja jina na namba ya kozi, na majibu myahifadhi. Muhtasari wa kila kozi nao utunzwe, maana chuo kinaweza kuuomba miaka baadaye. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mzazi hatapigiwa simu

Shuleni umezoea kuona alama za mtoto na kuzungumza na mwalimu. Chuoni, sheria ya faragha ya FERPA humpa mwanafunzi haki juu ya rekodi zake za chuo, hata akiwa chini ya miaka 18. Profesa hatakupigia kukwambia mtoto wako hajaleta insha mbili. Kijana anaweza kujaza fomu ya kuruhusu chuo kikupe taarifa, na ni vizuri mkubaliane hilo mapema. La maana zaidi ni kumzoesha kuandika barua pepe kwa profesa na kumfuata ofisini katika saa zake.

Mtoto mwenye IEP, yaani mpango wa elimu maalumu wa shule, ajue kuwa mpango huo haumfuati chuoni. Lazima ajiandikishe mwenyewe katika ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu na kupeleka nyaraka zake.

Kwa kijana ambaye bado anajifunza Kiingereza, mlango haujafungwa. Vyuo vingi hutumia mtihani wa kupima kiwango kama Accuplacer, na vingine huangalia pia alama za sekondari. Anaweza kuanza na hisabati au kozi ya ufundi, kisha akaingia uandishi lugha ikishakomaa.

La kufanya, na lini

Maandalizi ya mwaka unaofuata huanza majira ya baridi, na tarehe za mwisho hufika machipuko. Minnesota, kwa mfano, mwanafunzi anatakiwa kuiarifu wilaya ya shule kufikia tarehe 30 Mei kwa masomo ya muhula wa vuli. Chuo nacho kina tarehe yake ya kupokea maombi.

Mwezi Januari omba kikao na mshauri wa wanafunzi, yule watoto wanayemwita kaunsela. Una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, na shule ya umma inatakiwa kukupatia bila malipo, hivyo usimtumie mtoto kutafsiri mambo yanayomhusu mwenyewe. Muulize mshauri maswali haya:

- Kozi hii itahesabiwa katika somo gani la kuhitimu sekondari?
- Ni gharama zipi tutakazolipa sisi?
- Tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kuharibu transkripti ni ipi?
- Vyuo gani vya jimbo hili vinaipokea, na kama kozi ya lazima au ya hiari?

Ukipata majibu yote manne kwa maandishi, na ratiba ya nyumbani ikionyesha saa tisa za kweli, tia saini kwa moyo mkunjufu. Jibu moja likikosekana, fomu ibaki mezani mpaka lipatikane.