Pumu ya Mtoto: Tiba ni ya Kila Siku
Kijitabu cha familia



Watoto wengi wenye pumu hukimbizwa hospitali usiku, kifua kikiwa kimebana. Hupewa dawa, hupata nafuu, hurudi nyumbani, na dawa huwekwa kabatini hadi kifua kibane tena. Kijitabu hiki kinakuomba uachane na utaratibu huo. Mtoto mwenye pumu anaweza kulala usiku kucha, kucheza mpira na kwenda shule kila siku, mradi atunzwe hata siku anazoonekana mzima.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha ngazi ya chini, ambako ugonjwa hugunduliwa kwa kuchelewa na tiba haiwafikii wanaoihitaji. Vingi kati ya vifo hivyo vinazuilika.

Pumu ni nini?

Ni ugonjwa wa njia za hewa ndani ya mapafu. Njia hizo huwa na uvimbe wa muda mrefu, hata mtoto asipokohoa. Zikikutana na moshi, vumbi au mafua, misuli inayozizunguka hukaza, makohozi huongezeka, na hewa hupita kwa shida.

Pumu haiambukizwi. Haitokani na kurogwa. Mara nyingi huwapata watoto ambao mzazi au ndugu yao ana pumu, ukurutu au mzio.

Dalili za kuangalia

- Kikohozi kinachorudi mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri
- Kifua kinacholia mtoto anapotoa pumzi
- Kuhema haraka au kulalamika kwamba kifua kinabana
- Kuchoka mapema kuliko wenzake wanapokimbia

Usimwanzishie mtoto dawa za pumu kwa kusikia tu kifua kinalia. Mpeleke kituo cha afya achunguzwe. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, pamoja na homa au kupungua uzito, kinahitaji pia kipimo cha kifua kikuu. Na mtoto mdogo aliyeanza kukohoa na kupumua kwa shida ghafla, akiwa anakula karanga au anachezea vitu vidogo, huenda amepaliwa. Mkimbize hospitali.

Dawa ni mbili, na kila moja ina kazi yake

*Dawa ya kufungua kifua.* Inayotumika sana ni salbutamoli ya kuvuta. Hulegeza misuli na kuleta nafuu ndani ya dakika chache. Haiondoi uvimbe.

*Dawa ya kinga.* Hii ni inhela (kichupa cha dawa ya kuvuta) yenye dawa ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi. Haileti nafuu ya papo hapo, ndiyo maana wazazi wengi huiacha wakidhani haifanyi kazi. Huchukua siku hadi wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Ifikirie kama chandarua: hulali ndani yake kwa sababu tayari una malaria, unalala ndani yake kila usiku ili usiipate.

Mtoto aliyeandikiwa dawa ya kinga ya kila siku aivute kila siku, akikohoa asikohoe. Akimaliza kuvuta, asukutue mdomo na kutema maji, ili asipate utando mweupe mdomoni. Usiisimamishe bila kuongea na mhudumu wa afya.

Rangi za inhela hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma jina la dawa. Usipime kama imebaki dawa kwa kuitikisa au kuielesha majini, maana gesi hubaki hata dawa ikiwa imekwisha. Hesabu. Inhela ya mipulizo 200, ikitumika mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni, inatosha siku 50. Andika kwenye kalenda siku ya kununua nyingine.

Spesa: chombo kidogo chenye faida kubwa

Mtoto akipuliza inhela moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa huishia kooni. Spesa hushikilia dawa ili mtoto aivute polepole hadi mapafuni. Kama ya dukani haipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 1999 utafiti uliolinganisha spesa za dukani na za chupa kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa iliyotengenezwa vizuri ilisaidia sawasawa na ile ya kununua.

Namna ya kuitengeneza:

1. Osha chupa kwa maji ya sabuni, iache ijikaushe. Usiifute kwa kitambaa, kwa kuwa kufuta hufanya dawa ing'ang'anie kwenye plastiki.
2. Chora kwenye kitako cha chupa umbo la mdomo wa inhela.
3. Toboa kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela. Kazi hii ifanywe na mtu mzima.
4. Ingiza inhela. Pakivuja hewa, ziba kwa gundi au utepe.

Kutumia: tikisa inhela, mtoto abane shingo ya chupa kwa midomo, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara 4 hadi 6. Tikisa tena kabla ya mpulizo unaofuata. Mtoto mdogo asiyeweza kubana kwa midomo anahitaji spesa yenye barakoa. Muulize mhudumu wa afya.

Mtoto akibanwa

Fuata maelekezo uliyoandikiwa kliniki. Kama huna, fanya hivi:

1. Mkalishe wima, mtulize. Usimlaze chali.
2. Mpe salbutamoli kwa spesa: mipulizo 4, mmoja mmoja, na kila mpulizo apumue mara 4.
3. Subiri dakika 4. Asipopata nafuu, rudia mipulizo 4 na anza safari ya hospitali.
4. Endelea kumpa hivyo hivyo njiani hadi mfike.

Nenda hospitali mara moja, bila kusubiri, ukiona lolote kati ya haya:

- Anashindwa kumaliza sentensi, kunyonya au kunywa
- Ngozi inazama katikati ya mbavu au chini ya koo anapovuta pumzi
- Midomo, ulimi au kucha zimekuwa za bluu au kijivu
- Amelegea, anasinzia au amechanganyikiwa
- Kifua kilichokuwa kinalia kimenyamaza huku bado anahangaika kupumua
- Nafuu ya salbutamoli haidumu saa 3

Usimfukize. Mvuke haufungui njia za hewa, na maji ya moto huunguza watoto. Usimpe dawa ya usingizi. Dawa ya kikohozi na antibiotiki hazitibu pumu.

Nyumba isiyombana mtoto

Moshi ndio wa kwanza kushughulikiwa. Mtu yeyote asivute sigara ndani ya nyumba, hata chumba cha pili. Kuni na mkaa vipikiwe nje au penye madirisha wazi, na mtoto asikae jikoni. Gesi ikiwezekana ni bora zaidi. Badala ya dawa ya mbu ya kuchoma, tumia chandarua. Udi na ubani huwasumbua watoto wengi wenye pumu, visifukizwe anapolala.

Piga deki au nyunyiza maji kabla ya kufagia, mtoto akiwa nje. Anika godoro juani, fua shuka kila wiki, funika mabaki ya chakula ili mende wasizaliane.

Usimnyime mayai, maziwa au samaki kwa sababu tu ana pumu. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Shuleni

Mweleze mwalimu wa darasa. Mtoto awe na salbutamoli na spesa karibu, visifungiwe ofisini. Asizuiwe kucheza: anayebanwa akikimbia anahitaji tiba irekebishwe.

Wasiwasi wa wazazi wengi

*"Inhela humzoesha mtoto."* Hapana. Haina uraibu. Huenda moja kwa moja mapafuni kwa dozi ndogo, kwa hiyo ina madhara machache kuliko vidonge na shurubati za salbutamoli, ambazo huchelewa kufanya kazi na huleta kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio.

*"Dawa ya kinga itamdumaza."* Kwa dozi ya kawaida, athari kwa urefu ni ndogo. Kliniki itampima urefu na kutafuta dozi ndogo inayomtosha.

Maswali manne ya kila mwezi

Katika wiki 4 zilizopita:

1. Je, alibanwa au kukohoa mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki?
2. Je, aliamka usiku kwa kikohozi?
3. Je, alihitaji salbutamoli zaidi ya mara 2 kwa wiki?
4. Je, aliacha kucheza kwa sababu ya kifua?

Jibu moja la "ndiyo" latosha kukurudisha kliniki. Nenda na inhela zote na spesa, mtoto aonyeshe anavyovuta, na uombe maelekezo yaandikwe kwenye karatasi. Ibandike ukutani mahali ambapo kila mtu wa nyumbani, pamoja na bibi na dada wa kazi, ataiona na kuifuata siku usipokuwepo.