Dondoo muhimu: Presha kabla ya kupimwa afya ya udereva

Ukitoka Mlangali na fuso la viazi usiku kucha, usiende moja kwa moja kupima afya. Presha hupanda kwa usingizi mchache, na baridi ya Njombe nayo huisukuma juu kidogo. Lala kwanza.

Ukifika, vua koti na sweta. Wengi hukunja mkono wa sweta hadi begani, ukabana kama kamba ya turubai, kisha wanashangaa namba. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, mkono uegemee meza usawa wa moyo, miguu ikanyage sakafu. Kojoa kabla. Tulia dakika 5 bila kuongea, hata kama utingo anapiga simu. Kahawa, sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu viache angalau dakika 30 kabla.

Namba ya kukumbuka ni 140/90. Ikifika hapo au kuzidi, omba kupimwa tena siku nyingine. Marekani dereva wa lori mwenye 180/110 huzuiwa kuendesha, wala si kwa uonevu: presha ya namna hiyo inaweza kumpiga kiharusi akiwa kwenye usukani.

Dawa umeze kama kawaida siku ya kipimo, na kadi ya kliniki uibebe. Ukianzishiwa dawa mpya, sikiliza mwili siku chache kabla ya safari ndefu ya Makambako kwenda Dar es Salaam, maana baadhi huleta kizunguzungu. Ukipewa dawa za kukojosha, panga vituo mapema.