"Borrow Me Your Pen": Kalamu Inaelekea Wapi?

Chumba cha mtihani, dakika tano kabla ya karatasi kugawiwa, utaisikia tu: "Please, borrow me your pen." Kalamu inatolewa, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeshindwa kuelewa, na ndiyo maana kosa hili linaishi nasi tangu sekondari hadi mwaka wa tatu. Tatizo linakuja pale sentensi ya namna hiyo inapoingia kwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo, au kwenye barua ya kuomba kazi.

Tusianze kwa kucheka. Anayesema hivyo ana akili zake timamu, anafuata Kiswahili. Kitenzi chetu "kuazima" kinakwenda pande zote mbili. Nikisema "nimeazima kitabu kwa Juma", mimi ndiye niliyechukua. Nikisema "niazime kitabu chako", wewe ndiye unayetoa. Kinachotuonyesha njia ni ile "ni-" mwanzoni na watu waliomo kwenye sentensi. Wapo wanaosema "niazimishe" ili kuondoa utata, lakini mtaani "niazime" inatosha kabisa.

Kiingereza kimeigawa kazi hii kwa vitenzi viwili. "Borrow" ni cha anayepokea, "lend" ni cha anayetoa. Kwa hiyo unapotaka kutumia kitenzi chochote kati ya hivyo, jiulize kitu kimodogo tu: kalamu inaelekea wapi? Ikija kwa mtenda wa sentensi, ni "borrow", na mwenye mali anatanguliwa na "from": "I borrowed a pen from her." Ikiondoka kwa mtenda, ni "lend": "She lent me a pen", au "She lent a pen to me". Ndiyo maana "borrow me" humshangaza Mwingereza. Ukiisoma neno kwa neno, unamwomba akuchukue wewe, akutumie, halafu akurudishe jioni.

Kumbuka pia kwamba wakati uliopita wa "lend" ni "lent". Na Wamarekani hutumia "loan" kama kitenzi, hasa kwenye fedha: "He loaned me the money." Si kosa, ila mhadhiri aliyelelewa na Kiingereza cha Uingereza anaweza kukizungushia wino mwekundu. Kwenye kazi ya darasani, baki na "lend".

Wala si sisi peke yetu. Wajerumani wana "leihen", nacho kinakwenda pande zote mbili kama "azima" yetu. Na kabla Kiingereza hakijajisifu kwa kupanga mambo, mwulize kuhusu "rent". "I rented a room" ni nilipanga au nilipangisha? Hapo Kiswahili ndicho chenye vitenzi viwili, na Mwingereza ndiye anayelazimika kuongeza "from", "to" au "out" ili aeleweke.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili hulitenganisha na "borrow" hulichanganya. Kalamu tunaazima, pesa tunakopa. Kalamu utarudisha ileile. Shilingi elfu kumi utaitumia na kurudisha elfu kumi nyingine. (Wenzetu wa sheria wanaijua tofauti hii kutoka kwa Warumi, waliokuwa na mikataba miwili tofauti kwa mambo haya.) Kwa Kiingereza zote mbili ni "borrow". Ila usiivute kupita kiasi: choo cha mtu hau-"borrow", una-"use". Kitu kisichohama kwa kawaida hutumii "borrow".

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo vitenzi hivi vinapotugusa mfukoni. Kutoka "nilikopeshwa na mjomba" wengi huandika "I was borrowed money by my uncle". Hapana. Ni "My uncle lent me money", au "I borrowed money from my uncle". Chagua sentensi kulingana na nani unataka asimame mbele: mjomba aliyetoa, au wewe uliyechukua.

Kisha sikiliza tunavyozungumzia mkopo wa elimu ya juu hapa Tanzania. "Umepata mkopo?" "Nimepewa asilimia mia." "Bumu limetoka?" Mkopo tunaupata, tunapewa, unatoka wenyewe kama mvua. Ni nadra kumsikia mwanachuo akisema "nimekopa". Hata Bodi ya Mikopo inatuita wanufaika. Kwa Kiingereza cha hapa kwetu utakutana na "loanee" na "beneficiary", wakati neno la kawaida la mtu aliyechukua pesa za kurudisha ni "borrower". Sidhani kuna njama yoyote hapo. Lakini "mnufaika" haina harufu ya deni, na sentensi ya "nimepewa" inamficha anayepaswa kulipa.

Mkataba wenyewe haufichi. Tangu sheria ya Bodi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Mshahara wa msingi ukiwa shilingi 800,000, hiyo ni 120,000 kabla hujafika nyumbani. Mwajiri ndiye anayekata na kuwasilisha. Huulizwi kama mwezi huu una harusi.

Kwa hiyo utakapojaza fomu au kusoma mkataba wowote wa Kiingereza, uwe wa Bodi, wa benki au wa zile programu za mikopo kwenye simu, tafuta kwanza nani ni "lender" na nani ni "borrower". Kila penye "the borrower shall", weka jina lako, usome tena polepole, ndipo utie saini.