Mshangao wangu niuandikeje kwa Kiesperanto?

*Ninajifunza Kiesperanto. Nikishtuka, hunitoka "Lo!", "Ai!" au "Yarabi!", na wenzangu wa Brazili na Ufaransa hubaki wameduwaa. Je, niyaache maneno haya?*
*Mwanafunzi, Bunda*

Ndugu mwanafunzi, unahofia kwamba kanuni zitakunyang'anya hisia zako. Ondoa shaka, kwa maana vihisishi vya Kiesperanto havidai kiishio maalumu kama nomino inavyodai *-o*.

Tatizo lina sababu mbili. Kwanza ni tahajia. Tangu Zamenhof, aliyeunda Kiesperanto, akichapishe mwaka 1887, kila herufi ina sauti yake moja. "Y" yetu huandikwa *j*, na "ch" huandikwa *ĉ*. Kwa hiyo andika *jarabi*. "Ai" iandike *aj*, kwa sababu *ai* ingesomwa silabi mbili. Mkazo usikusumbue: huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu.

Pili ni mgongano wa maana. *Lo* ni jina la herufi L, hivyo msikilizaji anaweza kudhani unamtajia herufi.

Unapozungumza na wageni, tumia vihisishi wanavyovijua: *ho!* kwa mshangao, *ve!* kwa majonzi, *fi!* kwa karaha, *hura!* kwa shangwe. Vya kwetu vitumie kwa uhuru katika hadithi, pale tukio lenyewe linapobeba maana.

Ukikwama, tazama kamusi ya *Plena Ilustrita Vortaro*. Neno lisipokuwemo, lijaribu mbele ya mwalimu au mzoefu wa lugha hiyo kabla ya kulichapisha. Endelea kushangaa kwa sauti; ndivyo lugha inavyozoeleka mdomoni.