Binti Huanza Kusoma kwenye Kopo la Mama

  

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa akizunguka Madina usiku, alimsikia mama mmoja akimwamuru binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa, kwa kuwa Khalifa amekataza. Mama akasema Khalifa hawaoni. Binti akajibu kwamba Mola wa Umar anawaona. Umar akamposea mwanawe Asim binti huyo. Akazaliwa Ummu Asim, naye ndiye aliyemzaa Umar bin Abdul Aziz, khalifa mwadilifu aliyetawala mwaka 99 hadi 101 wa Hijra (717–720).

Kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu binti. Leo tumtazame mama. Hakuwa jambazi, alikuwa mchuuzi wa maziwa tu. Hapa kwetu Kilibula tunamjua: anaamka alfajiri, anakwenda Kalundu kungojea mitumbwi, anabeba ndagala hadi soko la Mulongwe, na binti yuko nyuma na beseni. Binti anaona kila kitu. Anaona kopo lililobonyezwa kitako ili lijae haraka. Anaona ndagala mbovu zikienda chini, nzuri zikikaa juu. Jioni mwenye deni akipiga hodi, ni yeye anayetumwa mlangoni: "Sema mama hayupo." Siku atakaporudi usiku na kudai alikuwa kwa shangazi, mama atalia na kuuliza uongo huu ameutoa wapi!

Abu Daud amepokea hadithi ya mama aliyemwita mtoto wake kwa kumwahidi kitu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza alitaka kumpa nini. Tende, akasema. Akaambiwa kwamba asingempa, angeandikiwa uongo mmoja. Hiyo ni tende, sembuse kopo zima la ndagala?

Nasi wababa tusijifiche nyuma ya wake zetu. Mume asiyeacha pesa ya chakula nyumbani ana mkono wake katika kopo lile.

Siku moja binti atasema: "Mama, kopo hili si sawa." Wapo watakaompiga kofi, eti watoto wa siku hizi hawana adabu. Mama, usimpige. Chukua nyundo, nyosha kitako cha kopo, naye akiwa anaona.

Karatasi hii ifike nyumbani isomwe, isifungiwe karanga.

Wabillahi tawfiq.