Kigae cha Chungu Chasema Nini?

Mwanafunzi wa Ringwani apitaye shambani baada ya mvua kubwa aweza kukiona kigae chenye nakshi kikichomoza udongoni. Swali limjialo ni hili: nani alikifinyanga? Wataalamu wa mambo ya kale walilijibu kwa haraka mno.

Tuanze na kigae chenyewe. Udongo wa mfinyanzi uliokaushwa juani tu ukitiwa majini hurudi kuwa tope. Lakini ukichomwa hadi nyuzi 600 hivi za sentigredi, maji yaliyofungamana ndani ya chembe zake huondoka, na umbile lake hugeuka moja kwa moja. Ndiyo maana mti huoza, chuma huliwa na kutu, kigae hubaki. Hewa ikiwa tele motoni, madini ya chuma yaliyomo huwa mekundu. Ikikosekana, chungu huwa cheusi.

Mwaka 1948 Mary Leakey, Walter Owen na Louis Leakey walichapisha habari za vyungu vyenye kibonyeo kitakoni, vilivyopatikana Siaya, nchini Kenya. Vyungu hivyo, viitwavyo leo vya Urewe kwa jina la mahali pamojawapo huko, vimeonekana pia Buhaya, Rwanda na Uganda, na vya kale zaidi vyapita miaka 2,000. Wengi wakahesabu hivi: nakshi moja, kabila moja, mama humfundisha binti, na watu wakihama huhama na nakshi yao. Mimi mwenyewe, niliporudi kutoka masomoni ng'ambo, niliifundisha hesabu hiyo kwa mishale mirefu ubaoni.

Kwa Washipibo wa mto Ucayali, Peru, hoja hiyo ingefaa. Huko binti hujifunza kwa mamaye kufinyanga na kuchora, na kwa desturi mume ndiye ahamiaye kwao mke. Lakini katika miaka ya 1980 Ingrid Herbich alichunguza wafinyanzi wanawake wa Kijaluo, huko huko Siaya, akakuta mambo kinyume. Mwanamke huolewa mbali na ukoo wake, na kwa kawaida hujifunza ufinyanzi huko alikoolewa, mwalimu wake akiwa mavyaa. Basi nakshi hufuata kundi la wafinyanzi wa mahali pale, wala haifuati damu. Tena vyungu huuzwa gulioni: kigae cha Ringwani chaweza kuwa cha chungu kilichonunuliwa mbali.

Mwalimu aweza kulipima jambo hili bila maabara. Wanafunzi na wawaendee akina mama wafinyanzi wa wilaya yao, wawaulize kwa adabu: ulizaliwa wapi, uliolewa wapi, nani alikufundisha? Kisha wachore nakshi za kila mmoja. Vigae vya kale viachwe vilipo, vichorwe tu pamoja na mahali vilipoonekana, kwani mambo ya kale yalindwa na sheria ya mwaka 1964. Wakipatikana wafinyanzi wawili waliozaliwa vijiji mbalimbali nao walifundishwa na mavyaa mmoja, michoro yao ilinganishwe kwanza.